Kubadilisha taa za boti: kuchagua, kufunga na kuzipima kabla hujatoka usiku

Wakuu, kama una mashua, boti ya faiba, dau au hata mtumbwi wa mashine na unatoka usiku, iwe Mikindani, Msimbati, Sudi, Lindi mjini kuvuka Kitunda, au huko Kilwa Masoko kwenda Songo Songo, huu mwongozo ni wako. Wengi wetu tunavua siku za giza, yani zile siku mwezi haupo, mana ndo dagaa wanafuata taa, na ndo hizo hizo siku bahari inakuwa nyeusi huoni hata mkono wako, na humo humo meli za korosho na makaa ya mawe zinaingia na kutoka bandari ya Mtwara. Meli inayoenda noti 12 (noti ni maili ya baharini kwa saa) inamaliza maili moja ya baharini kwa dakika 5 tu. Hizo dakika 5 ndo muda alionao nahodha wa kule juu kukuona, kuelewa unaenda wapi na kugeuza chuma cha maelfu ya tani.

Kitu kimoja nataka kiingie kabla hujatoa hela mfukoni. Taa ya kusafiria haikumuliki njia wewe. Inamwambia aliye mbali boti yako imeelekea wapi. Kwahiyo rangi na pembe ndo vinatangulia, ukali wa mwanga unafuata. Boti inaweza kuwaka kama harusi na bado isieleweke na mtu yeyote baharini.

Kila taa inasema nini

Sheria ni moja dunia nzima, ile ya kimataifa ya kuzuia vyombo kugongana baharini ya mwaka 1972, ilianza kutumika 1977, na haichagui meli kubwa wala mashua ya Msangamkuu. Taa ziwake jua linapozama mpaka linapochomoza, kwetu huku ni kama saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, na hata mchana kama mvua imefunga huoni mbali.

Simama kwenye boti uangalie omo, yani mbele ya boti. Ubavu wa kushoto ni nyekundu, wa kulia ni kijani. Kila moja inatakiwa ionekane kuanzia mbele moja kwa moja mpaka nyuma kidogo ya ubavu, nyuzi 112.5. Kule tezi, yani nyuma ya boti, kuna nyeupe ya nyuzi 135. Boti inayoendeshwa na mashine inaongeza nyeupe ya juu inayotazama mbele, nyuzi 225. Jumlisha 225 na 135 unapata 360, duara zima, yani popote mtu alipo anaona nyeupe moja.

Sasa nahodha wa meli akiona nyekundu peke yake na nyeupe juu yake anajua anaangalia ubavu wako wa kushoto, unakatiza kutoka kulia kwake kwenda kushoto. Akiona nyekundu na kijani pamoja anajua unamjia usoni. Akiona nyeupe tu, basi yuko nyuma yako au umetia nanga. Hiyo ndo lugha yote, na anaisoma kwa sekunde chache bila kukuuliza.

Ndo maana ile tabia ya kufunga taa ya nyuma ya pikipiki kule tezi, nyekundu, ni hatari kweli kweli. Barabarani nyekundu ni mgongo wa gari. Baharini nyekundu ni ubavu wa kushoto. Anayekuja nyuma yako akiiona anafikiri unakatiza mbele yake, anageuza kukupisha, kumbe wewe unaenda njia moja na yeye na amekuja kukuangukia. Vilevile zile taa za rangi za kucheza cheza na zile za kuzungushia bajaji, za bluu na zambarau, sheria inakataza taa yoyote inayoweza kuchanganywa na taa za kusafiria au kuzifunika. Zitoe.

Pima boti yako kabla ya kwenda dukani

Chukua futi kamba, pima urefu wote kutoka omo mpaka tezi. Urefu ndo unaamua.

Boti ya mashine chini ya mita 12, ambayo ndo wengi tunazo, unaruhusiwa kurahisisha: badala ya nyeupe ya mbele na nyeupe ya nyuma unaweka nyeupe moja ya duara, inayoonekana pande zote, pamoja na nyekundu na kijani za ubavuni. Hizo mbili za ubavuni unaweza kununua zikiwa kwenye kopo moja la rangi mbili unalifunga omo katikati. Mimi kwa boti ya faiba ya mita 7 au 8 naona huu ndo mpango mzuri kuliko wote, taa mbili tu, waya chache, vitu vichache vya kuharibika.

Kama boti haifiki mita 7 na mwendo wake wa mwisho hauzidi noti 7 (kama kilomita 13 kwa saa), sheria inakuruhusu nyeupe ya duara peke yake, ila inasema ikiwezekana weka na za ubavuni. Na inawezekana, kwahiyo weka. Nyeupe peke yake inasema "kuna kitu hapa", haisemi kinaenda wapi.

Boti ya tanga, ikienda kwa tanga tu, inawasha za ubavuni na ya nyuma, haiwashi ile nyeupe ya juu. Chini ya mita 20 zote tatu zinaweza kukaa kwenye taa moja ya rangi tatu juu ya mlingoti. Lakini hapa watu wengi wanapotea: ukishawasha mashine, hata kama tanga liko juu limejaa upepo, wewe ni boti ya mashine, zima ya rangi tatu uwashe taa za boti ya mashine. Kama dau lako lina vyote viwili funga seti mbili na swichi mbili tofauti. Tena kwa tanga letu la foromali (ule mti wa juu unaoshika tanga) angalia sana, tanga linashuka chini upande mmoja linaziba taa, na kusi likivuma boti ikilala ubavu taa iliyo chini kwenye ubavu inaingia majini. Panda nayo juu kadri unavyoweza na uangalie tanga likiwa pande zote mbili.

Ngalawa ndogo ya tanga chini ya mita 7 au mtumbwi wa makasia ambao hauna pa kufungia taa, angalau tochi kali ya mwanga mweupe iwe mkononi, ioneshwe mapema. Mapema, sio meli ikiwa juu ya kichwa. Meli inaruhusiwa kwa muundo wake isione maji mbele ya omo yake kwa umbali wa mara mbili ya urefu wake au mita 500, kile kilicho kidogo. Ukiwa ndani ya hilo eneo hata uwashe nini aliye juu hakuoni.

Boti ya mita 12 kwenda juu haina huo unafuu wa nyeupe moja ya duara, hiyo inahitaji seti kamili, na kama haifiki mita 20 ile nyeupe ya mbele ikae angalau mita 2.5 juu ya ukingo wa boti. Kama boti yako ni ya abiria ongea na mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla hujanunua, ununue mara moja.

Kuchagua taa yenyewe

Taa nzuri inakwambia kwenye boksi lake au kwenye kioo chake inaonekana umbali gani. Tafuta maandishi "2 NM" au "1 NM", hiyo ni maili za baharini, maili moja ni mita 1,852, na tafuta neno COLREG, ndo jina fupi la ile sheria ya kimataifa, na pembe, 112.5, 135, 225 au 360. Boksi ambalo halina hata kimoja kati ya hivyo ni taa ya mapambo, rudisha kwenye shelfu.

Kwa boti chini ya mita 12 sheria inadai nyeupe zote zionekane maili 2 na za ubavuni maili 1. Mita 12 mpaka chini ya 20 ni nyeupe ya mbele maili 3, za ubavuni na ya nyuma maili 2. Mi ushauri wangu hata boti ya mita 6 nunua za ubavuni za maili 2. Rudi kwenye ile hesabu ya noti 12: taa ya maili 1 inampa mwenzako dakika 5, ya maili 2 inampa 10. Tofauti ya bei ukiigawanya kwa miaka utakayoitumia haifiki kitu.

Globu au LED? LED, na sababu kubwa ni betri. Boti nyingi zetu zina mashine ya kuvuta kamba ambayo haichaji betri kabisa, betri inachajiwa nyumbani au kwa sola. Piga hesabu hii. Nyeupe ya duara ya LED na kopo la rangi mbili la LED zikila wati 5 kwa pamoja, kwenye volti 12 ni kama ampea 0.4, kwa usiku wa saa 12 ni ampea-saa 5. Za globu zikila wati 20 kwa pamoja ni ampea 1.7, usiku mzima ni ampea-saa 20. Betri ya asidi usiimalize zaidi ya nusu ukitaka idumu, kwahiyo wa LED betri ya ampea-saa 12 inamtosha, wa globu anahitaji ya ampea-saa 40, na kuibeba hiyo ya 40 kila siku kutoka boti mpaka nyumbani mchangani unajua mwenyewe.

Ila kuna mtego. Usichukue kopo la zamani la globu ukatoa globu ukachomeka LED nyeupe ya gari mle mle. Kioo chekundu na cha kijani vilitengenezwa kuchuja mwanga wa globu ambao ni wa njano njano. Mwanga wa LED nyeupe ya baridi una wekundu kidogo na bluu nyingi, ukipita kwenye kioo chekundu unatoka umefifia, ukipita kwenye kijani unatoka kama bluu. Halafu waya wa globu unakaa sehemu moja kamili katikati ya kioo na pembe zote zilipigiwa hesabu kutoka hapo, LED ya kuchomeka ina vichwa vingi vimetapakaa kwahiyo nyekundu inavuja upande wa kijani na kijani upande wa nyekundu. Kama lazima ubadilishe globu tu, weka globu ile ile ya wati zile zile zilizoandikwa kwenye kopo. Kama unataka LED nunua taa nzima ya LED iliyofungwa na kiwanda.

Vitu vingine vya kuangalia haraka haraka: iwe na alama IP67, yani inavumilia kuzama mita 1 kwa nusu saa, mana mawimbi ya kusi hayaulizi; iwe inakubali volti 10 mpaka 30 ili isiungue siku mashine inayochaji ikirusha umeme juu; skrubu zake ziwe stenlesi, jaribu na sumaku, chuma cha kawaida kinanasa kwa nguvu. Na kama una redio ya VHF, ile ya kuongea na vyombo vingine baharini, ukishafunga taa washa redio chaneli 16, zima na uwashe taa. Ukisikia kelele zimepanda taa ilipowaka, hiyo LED inaharibu mawasiliano, irudishe. Walinzi wa pwani wa Marekani walishatoa tahadhari juu ya hili mwaka 2018, sio maneno ya mtaani.

Kutoa ya zamani

Toa waya wa betri kwanza, wa hasi, ndo uguse kingine. Piga picha na simu jinsi waya zilivyokaa.

Skrubu zitakuwa zimeng'ang'ania, weka mafuta ya kulainisha kutu, ngoja, usilazimishe mana kichwa cha skrubu kikiliwa itabidi uitoboe. Ukifungua kopo angalia pale waya unapobanwa. Utakuta unga wa kijani, huo ni shaba imeliwa na chumvi. Sasa kata waya sentimita 2, chuna ganda, angalia nyuzi za ndani. Kama ni nyeusi kata tena. Chumvi inapanda ndani ya waya chini ya ganda, kwa nje waya unaonekana mpya kabisa na ndani umeoza, na huo waya mweusi haushiki terminali wala haupitishi umeme sawasawa. Endelea kukata mpaka uone nyuzi zinang'aa. Ukikata zaidi ya dhiraa moja na bado ni nyeusi, achana nao, vuta waya mpya wote kutoka kwenye swichi. Taa nyingi zinazoambiwa zimekufa hazijafa, ni hapo tu, kwahiyo kabla hujainunulia mwenzake chukua ile ya zamani iguse moja kwa moja kwenye betri. Ikiwaka vizuri na kioo chake hakijapauka na jua, shida ilikuwa waya. Kioo kilichopauka, nyekundu imekuwa pinki, hicho hakina dawa.

Waya, fyuzi na swichi

Nunua waya wa nyuzi nyingi laini, uliopakwa bati ukiupata, ule unang'aa rangi ya fedha ukiuchuna. Waya mgumu wa nyumba wa nyuzi moja usiufunge kwenye boti, mtikisiko wa mashine unaukata ndani kwa ndani. Unene wa 1.5 (milimita za mraba) unatosha boti ndogo. Wengine wanaweka ule mwembamba wa spika wa 0.5, sasa angalia: kutoka betri mpaka omo mita 10, kwenda na kurudi mita 20, ukitumia 0.5 na globu ya wati 25 volti 1 na nusu inapotea njiani, taa iliyoandikwa maili 2 haifiki maili 2. Kwa 1.5 inapotea nusu volti tu. Kwa LED upotevu ni mdogo zaidi, lakini waya mwembamba unakatika kirahisi, bora 1.5 hiyo hiyo.

Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya karibu kabisa na betri, isizidi shubiri moja, ampea 3 au 5. Moto kwenye boti yenye petroli humo ndani hauna pa kukimbilia, fyuzi iwepo, na isifungwe msumari wala karatasi ya sigara pale inapokatika. Fyuzi ikikatika kuna waya umegusana, utafute.

Kuunga: bana terminali kwa plaizi yake, vuta kwa nguvu uone kama inatoka, halafu vika ule mpira unaosinyaa ukipata moto, wa aina yenye gundi ndani. Solotepu nyeusi peke yake chumvi inapita chini yake baada ya muda mfupi. Paka grisi juu ya terminali. Kabla waya haujaingia kwenye taa upinde kidogo kwenda chini halafu upande, ili maji yanayoufuata yadondoke pale kwenye pindo yasiingie kwenye kopo. LED ikigoma kuwaka geuza waya kwanza, chanya na hasi vikibadilishana haiwaki, na nzuri haziungui kwa hilo.

Swichi ziwe mbili. Moja za ubavuni, nyingine nyeupe ya duara. Sababu ni kwamba ukitia nanga unazima za ubavuni unabaki na nyeupe ya duara peke yake, ndo taa ya nanga hiyo. Ukiziunga zote swichi moja utakuwa umetia nanga huku taa zinasema unasafiri.

Kufunga panapotakiwa

Hapa ndo mafundi wengi wanaharibu. Ubavu wa boti karibu na omo umepinda, unaingia ndani kukutana na gubeti, ile ncha ya mbele kabisa. Ukiifunga taa bapa kwenye huo ubavu inatazama nje, haitazami mbele, na mbele ya boti panabaki giza ambapo hakuna nyekundu wala kijani. Yani anayekujia usoni ndo haoni kitu. Taa ya ubavuni lazima kitako chake kiwe sambamba na mkuku, ule mti wa chini unaopita katikati ya boti kutoka omo mpaka tezi. Mwambie seremala akuchongee kabari mbili za mbao, moja kila upande, zinazorudisha huo mpindo. Vuta uzi kutoka katikati ya omo mpaka katikati ya tezi, pima umbali wa uzi mpaka ncha ya mbele ya kitako cha taa na mpaka ncha ya nyuma. Vipimo viwili vikiwa sawa, umepatia. Kopo la rangi mbili linakaa juu ya uzi wenyewe, na mstari wake wa katikati ufuate uzi.

Nyeupe ya duara iwe juu ya za ubavuni angalau mita 1. Ifunge kwenye bomba kule nyuma, juu ya kichwa cha mtu aliyesimama. Ukiiweka mbele ya nahodha inampofusha usiku mzima, na ukiiweka chini abiria wakisimama wanaiziba. Faiba nyeupe inarudisha mwanga machoni, paka rangi nyeusi isiyong'aa nyuma ya taa za ubavuni na chini ya ile ya duara. Matundu ya skrubu yajaze silikoni kabla ya kukaza, na kwenye mbao usikaze mpaka kopo la plastiki lipinde, litapasuka jua likipiga.

Kupima mchangani

Usiku, maji yamekupwa, boti imekaa sawa kwenye mchanga, washa taa zote. Nenda mbele ya omo hatua 20, kwenye mstari wa katikati. Uone nyekundu na kijani zote mbili. Sogea hatua moja ndefu kuelekea upande wa kulia wa boti: nyekundu ipotee, kijani ibaki. Rudi katikati, fanya upande wa pili. Sheria inaruhusu taa ivuke katikati kwa nyuzi 1 mpaka 3 tu, na nyuzi 3 kwa mita 20 ni kama mita 1, kwahiyo hatua yako moja ndo kipimo. (Hii ni kwa kopo la rangi mbili. Kama taa zako ziko mbali mbali, chukua mstari wa mbele kutoka kwenye taa yenyewe, sio kutoka katikati ya boti.)

Sasa upande wa nyuma. Simama kwenye taa ya ubavuni, nenda pembeni moja kwa moja hatua 20, halafu geuka utembee kuelekea nyuma ya boti hatua 8. Hapo ulipo ndo mwisho wa nyuzi 112.5. Kijani inatakiwa ianze kufifia hapo, ukiongeza hatua 2 au 3 isionekane. Kama ina taa ya nyuma ya nyuzi 135 fanya hesabu ile ile ukianzia kwenye taa ya nyuma, hapo ndo inaanza kuonekana. Ukikuta kijani bado inawaka ukiwa nyuma kabisa ya boti, weka ubao mweusi wa kuzuia au rekebisha kabari. Kamata mtu mwingine akae kwenye boti azunguke, asimame, akae, uone kama anaziba.

Halafu mwambie mwenzako akuone kutoka mbali. Atoke na boti nyingine, au asimame ng'ambo, mfano wewe uko upande wa Lindi mjini yeye yuko Kitunda, akupigie simu akwambie anaona rangi gani. Usimwambie boti imeelekea wapi, yeye ndo akwambie. Akipatia, taa zako zinaongea vizuri.

Ukiwa unavua

Ukitega jarife au nyavu nyingine inayokufanya usiweze kugeuka kirahisi, sheria ina taa zake: nyekundu ya duara juu, nyeupe ya duara chini yake, zimeachana angalau mita 1. Boti ikiwa inasogea majini unaongeza za ubavuni na ya nyuma, ikiwa imetulia hizo mbili tu. Nyavu ikienda zaidi ya mita 150 kutoka kwenye boti unaongeza nyeupe nyingine upande nyavu ilipo. Mishipi ya kukokota haihesabiki, hapo wewe ni boti ya kawaida.

Kwa wa dagaa, zile taa kubwa za kuvutia samaki zinameza taa zako zote, kwa mbali ni doa moja jeupe tu. Zielekeze chini majini, zivike kofia upande wa nje. Ukimaliza kuvua ukianza kurudi zizime kabisa, mana pia zinakupofusha wewe na macho yanachukua karibu nusu saa kuzoea giza. Na usitie nanga wala kutega kwenye mlango wa bandari ya Mtwara, pale njia ya meli ni nyembamba na boti chini ya mita 20 hairuhusiwi kumzuia meli anayepita humo, hata uwe na taa nzuri kiasi gani.

Ndani ya boti weka ndoo yenye mfuniko unaokaza: fyuzi za akiba, kipande cha waya, terminali, plaizi, tochi mbili na betri zake. Kabla ya kusukuma boti majini washa taa zote uzunguke kwa miguu, futa chumvi kwenye vioo kwa kitambaa chenye maji baridi, yani yasiyo na chumvi. Ukiwa baharini ukiona meli na pembe yake kwako haibadiliki huku inakua, mmegongana hivyo, hata kama bado iko mbali. Ukiona nyekundu na kijani zake pamoja na nyeupe zake mbili zimepangana moja juu ya nyingine, inakujia wewe. Mulika tochi kuelekea kwake, fupi fupi haraka mara 5 au zaidi, mulika na tanga au ubavu wa boti yako wauone, na wakati huo huo mashine iwe imeshawaka na umeshatoka kwenye njia yake. Nyavu ikikwama, kata kamba.